Sikujisomesha, nilisomeshwa

Kuna hotuba moja ambayo nimeitoa mara nyingi mno maishani mwangu. Nimeitoa katika siku za kuwatuza wanafunzi bora shuleni, katika karamu za harusi, katika harambee na hata matangani. Huanza kwa kueleza kwamba nilizaliwa katika chumba kimoja cha wafanyakazi wa shamba la mkonge, kwamba nilivaa viatu kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka kumi na minne, na kwamba nilisoma kwa mwanga wa koroboi hadi pua zikajaa masizi. Huishia kwa maneno haya: "Mimi sikusaidiwa na mtu. Nilijisomesha. Na nyinyi pia mnaweza." Hapo watu hupiga makofi, mwalimu mkuu hunishika mkono, nami hurudi kitini kichwa kimenivimba.

Mpenzi msomaji, leo nataka kuifuta hotuba hiyo. Naifuta hadharani kwa kuwa ni hadharani nilikoitoa. Sehemu kubwa ya yaliyomo ni kweli tupu. Chumba kilikuwa kimoja, koroboi ilikuwepo na viatu havikuwepo. Uongo umo katika sentensi moja tu, lakini ni sentensi hiyo iliyokuwa ikiwafanya watu wapige makofi.

Nilizaliwa mwaka 1974 katika shamba moja kubwa la mkonge huku Pwani. Wasiolijua zao hili yafaa niwaeleze machache. Mkonge hukatwa kwa kisu na mkono wa mtu, jani baada ya jani. Kila jani lina mwiba mkali nchani, na utomvu wake huwasha ngozi mtu akakesha akijikuna. Mkataji huyafunga majani thelathini katika tita moja, na matita hupangwa kando ya njia yakisubiri kupelekwa kwenye korona, mtambo unaoiparua nyama ya jani na kubakisha nyuzi. Katika kilo 100 za majani mabichi, nyuzi zinazopatikana ni takriban kilo 4 tu. Zilizobaki ni maji na makapi. Hizo kilo 4 ndizo zinazopata jina na bei. Hayo mengine hakuna anayeyauliza.

Baba alikuwa mkataji. Alilipwa kwa hesabu ya matita, na hesabu hiyo ilikuwa mikononi mwa mnyapara aliyepita jioni na fimbo yake ya kupimia na daftari. Tita ambalo machoni pake lilikuwa na majani mafupi alilikataa lote, wala halikuandikwa. Mara nyingi nilimwona baba akiyahesabu majani upya kwa sauti, moja hadi thelathini, mbele ya mtu aliyekwisha kulifunga daftari. Nilijifunza mapema kwamba ashikaye kipimo ndiye ashikaye chakula cha watoto wa wenzake.

Mwaka 1984 mvua ilikataa kunyesha katika sehemu kubwa ya nchi yetu, na serikali ikalazimika kuagiza mahindi ya manjano kutoka ng'ambo. Waliokuwa watoto wakati huo hawajaisahau ladha ya ugali ule. Baba aliugua kifua mwaka huo, na mwaka uliofuata akaiaga dunia. Nyumba za shamba zilikuwa za wafanyakazi, si za wajane wao. Ili tusitolewe chumbani, mama aliomba kazi ya kuanika nyuzi kwenye nyaya juani. Akapewa. Watoto wake tulikuwa wanne, na dada yangu ndiye aliyekuwa kifungua mimba.

Dada alinizidi kwa miaka mitatu, lakini tulikuwa darasa moja. Alichelewa kuanza shule kwa sababu nyumbani kulikuwa na watoto wachanga wa kubeba mama anapokwenda kibaruani, na mmoja wa watoto hao nilikuwa mimi. Tulianza darasa la kwanza pamoja mwaka 1981. Alikuwa na umri wa miaka kumi, mrefu kuliko wote, akikaa nyuma ya darasa huku magoti yake yakigonga dawati.

Kwa jina, elimu ya msingi ilikuwa bure. Tulikunywa maziwa ya Nyayo na tukaimba. Hata hivyo, mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, shule zilihitaji karakana za useremala na vyumba vya sayansi kimu, na mzigo wa kuvijenga ukawaangukia wazazi. Kila muhula tulirudishwa nyumbani kwa ajili ya pesa za ujenzi. Tuliporudishwa, mimi na dada tulikwenda moja kwa moja kwa mama penye nyaya tukamsaidia kuanika. Dada alikuwa akiweka daftari lake wazi juu ya jiwe, akipita na mzigo wa nyuzi analitupia jicho. Mimi nilikuwa nikimwuliza, naye ananijibu. Ukweli ni kwamba hisabati yangu ya kwanza niliisomea hapo, na mwalimu alikuwa yeye.

Mwaka 1988 tulifanya mtihani wa KCPE. Wakati huo alama zilikuwa kati ya 700. Matokeo yalipotoka, mimi nilipata 541. Dada alipata 556. Katika hotuba yangu nimekuwa nikiitaja ile 541 kila mara, na watu huguna kwa mshangao. Ile 556 sijawahi kuitaja.

Barua za mwaliko wa kujiunga na kidato cha kwanza zilikuja zote mbili katika juma moja. Yake ilitoka katika shule ya bweni ya wasichana, yangu katika ya wavulana. Karo iliyotajwa katika barua moja ilikuwa zaidi ya uwezo wa mama. Ya barua mbili ilikuwa ndoto. Baba mdogo alikuja kutoka kijijini ili tushauriane. Kikao hakikuwa kirefu. Alisema, "Msichana ataolewa na kupata kwake. Mvulana haolewi, ataelekea wapi?" Mama alikuwa akiutazama moto. Dada alikunja barua yake mara mbili, akasema, "Basi naye aende."

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, umri wa kutosha kufahamu kilichokuwa kikitendeka. Nilijua nani alikuwa amenipita. Nilinyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikokuwa mchango wangu katika kikao kile. Barua ya dada sijui iliishia wapi, na hadi leo sijathubutu kumwuliza.

Karo ya muhula wa kwanza ilipatikana kwa mchango wa majirani. Wakataji mkonge walitoa shilingi mbilimbili na tanotano. Mwenye duka alitukopesha viatu. Mwalimu wetu wa hisabati alinipa mkebe wake mwenyewe wa vifaa vya jiometria, wenye bikari iliyolegea msumari. Mihula kumi na mmoja iliyobaki aliibeba dada. Alikwenda Mombasa kuwa yaya katika nyumba ya watu. Alilipwa shilingi 320 kwa mwezi. Kila mwisho wa mwezi alikwenda posta akatuma shilingi 300 kwa hawala, na yeye akabaki na ishirini. Akiwa na umri wa miaka kumi na minane alikuwa akiwaamsha watoto wa wenzake, akiwaogesha, akiwavalisha sare zilizopigwa pasi na kuwapeleka hadi lango la shule, kisha anarudi kufua.

Shuleni kwetu, mhasibu alikuwa akija gwarideni kila baada ya majuma machache na kusoma majina ya waliotakiwa kwenda nyumbani kuleta karo. Wenzangu wengi waliondoka hivyo. Wengine walirudi baada ya majuma mawili, wengine baada ya muhula, wengine hawakurudi kabisa. Jina langu lilisomwa mara chache sana. Mara ya kwanza nilishangaa. Baadaye nikazoea, na binadamu akizoea jambo huliona kuwa ni haki yake.

Nilifanya mtihani wa KCSE mwaka 1992, na mwaka 1994 nikaingia Chuo Kikuu cha Nairobi kusomea upimaji wa ardhi. Mwaka uliofuata sheria ya Bunge iliunda Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, na kwa mikopo hiyo nikamaliza masomo. Baadaye nilifanya kazi chini ya wapima wenye uzoefu, nikaikalia mitihani ya bodi ya taaluma yetu, na mwaka 2005 nikapata leseni. Mkopo wa Serikali niliulipa pamoja na riba hadi senti ya mwisho. Nilipewa cheti cha kuthibitisha kwamba sina deni, nikakihifadhi katika faili moja na shahada yangu. Deni la dada halikuwa na faili.

Hapo ndipo hotuba ilipozaliwa. Nataka kueleza jinsi dada alivyotoka ndani yake, kwa sababu sikumtoa kwa siku moja. Mwanzoni nilikuwa nikimtaja kwa dakika nzima. Kisha nikapewa muda mfupi wa kuzungumza, nikamtaja kwa sentensi moja. Baadaye akawa "jamaa zangu". Hatimaye hata jamaa wakatoka. Nilikuwa nimegundua kwamba wasikilizaji humpenda mtu aliyepanda mlima peke yake. Ukiwaambia kwamba ulibebwa mgongoni, makofi hupungua.

Kwa miaka mingi niliamini kuwa hotuba hiyo haina madhara. Ni maneno tu ya kuwatia moyo vijana, nilijiambia. Iweje maneno ya kutia moyo yawe dhambi? Jibu la swali hilo nililipata mwaka 2011.

Mwaka huo nilikuwa mwanachama wa kamati ya kugawa basari katika eneobunge letu. Fedha za maendeleo ya maeneobunge, zilizoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, zilikuwa zimewapa watoto wengi maskini tumaini, na meza yetu ilijaa fomu zenye mihuri ya machifu na nakala za vyeti vya vifo. Maombi yalikuwa mengi, fungu dogo. Tulifika kwenye fomu ya msichana wa kidato cha pili aliyelelewa na nyanyake. Alama zake zilikuwa zimeshuka. Barua yake ilieleza kwamba alikuwa amekaa nyumbani nusu ya muhula kwa kukosa karo. Mwenyekiti aliomba maoni.

Nilisema. Nilisema kwamba tunawazoesha watoto hawa kuombaomba. Nilisema kwamba mwenye nia ya kweli ya kusoma hapungukiwi na njia. Nilisema kwamba mimi nilitoka penye shida kuliko hizo na sikupata basari ya mtu. Hakuna aliyenipinga, kwa kuwa wote walikuwa wamekwisha kuisikia hotuba yangu na walinistahi. Fomu ile ilihamishwa kutoka rundo moja hadi jingine. Kikao kilimalizika kabla ya chakula cha mchana.

Juma lililofuata nilikwenda Mombasa kwa dada. Wakati huo alikuwa na kibanda chake cha kuuza mahamri na mbaazi, nacho ndicho kilichokuwa kikiwasomesha wanawe watatu. Aliniandalia chakula. Nikila, nikamsimulia habari za kamati, pamoja na yale niliyoyasema, nikitarajia anisifu kwa msimamo wangu. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kwa hivyo na mimi nilikuwa mvivu?"

Nikamwambia, "La, dada, simo katika habari zako."

"Umo," akasema. "Mimi niliyekupita alama kumi na tano, ndugu yangu, uvivu wangu ulikuwa wapi? Kama mwenye nia hapungukiwi na njia, basi mimi sikuwa na nia."

Sikuwa na jibu. Kwa kuwa nilitaka sana kupata la kumwambia, nikasema jambo ambalo naona haya kuliandika. Nilimkumbusha Mzee Kimani Maruge, aliyeingia darasa la kwanza mwaka 2004 huko Eldoret akiwa na umri wa miaka 84. Nikamwambia kwamba hajachelewa, kwamba nitamlipia masomo ya watu wazima, akafanye mtihani wa kidato cha nne. Dada alicheka, lakini si kicheko cha furaha. "Mzee Maruge, Mungu amrehemu, hakuwa na karo ya watoto watatu ya kulipa mwezi huu," akasema. "Na wewe hunilipi kwa kunirudisha darasani. Sitaki shule, sitaki shamba. Nataka ukisimulia, usimulie sawasawa."

Niliporudi nyumbani nilimpigia simu mwenyekiti wa kamati. Aliniarifu kwamba orodha ilikuwa imekwisha kutiwa sahihi na hundi kuandikwa. Yule msichana sikumjua sura. Sijui kama alimaliza kidato cha nne. Najua tu kwamba fomu yake ilikuwa mbele yangu, na kwamba kipimo safari hii nilikishika mimi.

Taaluma yangu ilipaswa kunifunza mapema zaidi. Sisi wapima ardhi hatuanzi kazi hewani. Tukiitwa kupima kiwanja, jambo la kwanza ni kutafuta alama ya zamani iliyo karibu: nguzo ya saruji kilimani au chuma kilichopigwa ardhini, kilichowekwa na mpima mwingine miaka mingi iliyopita na kuandikwa katika kumbukumbu. Kutoka alama hiyo ndipo tunapopima umbali na pembe hadi mahali petu. Mpima anayedai kwamba kiwanja chake hakihusiani na alama ya mtu yeyote hana kiwanja. Ana mchoro tu. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka mingi, nikiwaonya vijana wa ofisini mwangu wasiisahau alama ya kuanzia, ilhali katika habari za maisha yangu mwenyewe niliing'oa na kuitupa.

Najua wapo watakaosema kwamba najidharau bure. Watasema kwamba bidii ina nafasi yake, na kwamba tukiwaambia vijana kuwa kila aliyefaulu alibebwa, watakaa wakisubiri wa kuwabeba. Hoja hiyo ina uzito, nami siipuuzi. Nilijitahidi. Hakuna aliyenifanyia mtihani. Usiku wa kidato cha nne, wenzangu walipolala, mimi nilikuwa macho. Lakini katika gwaride lile la karo walikuwamo wavulana waliojitahidi kama mimi na zaidi yangu. Mmoja alikuwa akinifundisha fizikia. Aliondoka akiwa kidato cha tatu, jina lake liliposomwa, na hatukumwona tena. Bidii tulikuwa nayo sote wawili. Hawala ya kila mwezi nilikuwa nayo mimi peke yangu. Bidii ni jembe zuri, ila asiye na kipande cha ardhi atalima wapi?

Ni kweli pia kwamba nchi yetu imepiga hatua tangu usiku ule wa barua mbili. Karo ya shule za msingi iliondolewa Januari 2003, na watoto zaidi ya milioni moja ambao hawakuwa shuleni wakajitokeza mwaka huo huo. Mwaka 2008 serikali ilianza kugharimia masomo katika shule za sekondari za kutwa. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Hata ule mtihani wa KCPE ulionitenganisha na dada ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Anayesema hakuna kilichobadilika hasemi kweli.

Hata hivyo, nikienda vijijini kupima mashamba huwa nasikia mazungumzo ambayo nayajua vyema. Bado kuna sare, bweni, nauli na chakula. Bado kuna nyumba zenye watoto wawili na fedha za mmoja. Bado yupo baba mdogo anayeuliza ni nani kati yao atakayeolewa. Katiba haiingii chumbani usiku familia inapoketi kando ya moto. Anayeingia ni jirani, mwalimu, chifu na mwanachama wa kamati ya basari. Mtu huyo akiingia akiwa na hotuba kama ile yangu kichwani, mlango humfungikia mtoto.

Nina mambo matatu ya kuwaomba wenzangu tuliotoka katika umaskini tukapata taaluma na vyeo. La kwanza, tunapoalikwa kuwahutubia vijana, tuwataje waliotusomesha, na tutaje walichokikosa ili sisi tukipate. Tusiseme "jamaa" au "wasamaria wema". Tuseme ni shangazi aliyeuza mbuzi wake, ni kaka aliyeacha shule, ni kanisa au msikiti uliochanga. Kijana akiyasikia hayo hatavunjika moyo. Atajua kwamba kuomba msaada si aibu, na siku moja atajua kwamba kusaidia ni zamu yake.

La pili linahusu basari. Fedha za dada hazikuwa nyingi. Nguvu yake ilikuwa kwamba zilifika kila mwezi bila kukosa, nami nikaweza kukiweka akili kitabu badala ya kuiweka langoni. Kamati zetu hupenda kuwagawia watoto wengi visenti vichache ili kila kijiji kiridhike. Mwanafunzi anayedaiwa shilingi elfu thelathini akipewa elfu tatu, atarudishwa nyumbani vilevile, na aliyempa atakuwa amejipatia jina tu. Afadhali mtoto aliyechukuliwa katika kidato cha kwanza ashikwe mkono hadi cha nne, na vigezo vya kumchagua vibandikwe ukutani kila mtu avisome. Alama zilizoshuka zisiwe sababu ya kumnyima kabla hatujauliza alikaa nyumbani siku ngapi.

La tatu ni kwa wale wanaowaajiri mayaya majumbani mwao. Msichana anayewaogesha watoto wako asubuhi huenda ana barua iliyokunjwa mara mbili ndani ya sanduku lake. Mlipe kwa wakati, na umlipe haki. Kuna uwezekano mkubwa kwamba mshahara huo si wake peke yake, na kwamba mahali fulani kuna mtu anayesoma kwa jasho lake, ambaye baada ya miaka ishirini atasimama jukwaani na kusema kwamba alijisomesha.

Wahenga walisema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Dada yangu hapendi kuitwa mnyonge, na jina lake amenikataza kulitia gazetini. "Weka kazi yangu," aliniambia, "jina niachie mwenyewe." Basi nimeweka kazi yake. Nimeondoka pia katika kila orodha ya wahutubu mahali ambapo sikupewa muda wa kutosha kuisimulia yote.

Kabla ya kuyapeleka makala haya kwa mhariri, nilimpigia simu dada nikamsomea tangu mwanzo hadi mwisho. Alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akanisahihisha mahali pamoja tu. Nilikuwa nimeandika kwamba kila mwezi, baada ya kunitumia karo, alibakiwa na shilingi hamsini. Akasema hazikuwa hamsini, zilikuwa ishirini.

Nimesahihisha.